Maelekezo ya kufuma hayajakamilika mpaka mkono wa pili uyajaribu

Chukua sweta ya mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 100. Aliyeandika maelekezo ana mkono unaotoa vitanzi 20 katika kila sentimita 10, kwa hiyo ameagiza vitanzi 200 kuzunguka kifua. Anayeyafuata anabana kidogo: uzi ni ule ule, sindano ni zile zile, lakini kwake sentimita 10 zinakula vitanzi 22. Akianza na vitanzi 200 kama alivyoambiwa, na asikosee hata kimoja hadi mwisho, atavua sindanoni sweta ya sentimita 91 hivi. Sentimita tisa zimeyeyuka, na ukiikagua karatasi kwa kalamu nyekundu hutaona kosa. Hesabu zote ni sahihi. Kilichokosekana ni mstari mmoja unaomwambia mfumaji afume kwanza kipande kidogo cha majaribio, akipime kwa rula, ndipo aanze kazi yenyewe. Mwandishi hakuuandika mstari huo kwa sababu yeye, akiwa na mkono wake mwenyewe, hakuuhitaji.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ninachotaka kukitetea. Maelekezo ya kufuma, yawe ya sindano mbili au ya krosheti, hayawi maelekezo mpaka mtu ambaye hakuyaandika ayafuate kuanzia kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla ya hapo ni kumbukumbu za mtu mmoja tu. Na huyo anayeyajaribu hafanyi hisani ya kirafiki wala zoezi la mwanafunzi. Anafanya kazi ya ufundi inayostahili muda wake, jina lake na malipo yake. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee sasa hivi, kwa kuwa wanaofundisha kufuma kwa lugha yetu wanaongezeka, kwenye vikundi vya akina mama na kwenye video fupi za simu, huku maelekezo yaliyoandikwa na kuhakikiwa yakiwa bado machache sana. Tabia tutakayoanza nayo ndiyo itakayodumu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwandishi asiyajaribu mwenyewe? Anayajaribu, na mara nyingi si mara moja. Tatizo ni kwamba mikono yake inajua alichokusudia, kwa hiyo inarekebisha kosa kabla macho hayajaliona. Tazama kofia ya krosheti inayoanzia utosini. Kwa mshono mfupi, mzunguko wa kwanza una vitanzi 6, wa pili 12, wa tatu 18, na kila mzunguko unaongeza sita hadi duara lifikie upana unaotakiwa. Mzunguko wa tano una vitanzi 30. Wa sita unapaswa kusema: fuma vinne, katika cha tano fuma viwili, rudia hivyo mara sita, upate 36. Sasa kidole cha mwandishi kikateleza, akaandika “fuma vitatu, katika cha nne fuma viwili”. Yeye mwenyewe akiisoma karatasi yake atafuma vinne bila kufikiri, kwa kuwa mkono umezoea. Mgeni atafuma vitatu kama ilivyoandikwa. Atarudia mara saba na kubakiwa na vitanzi viwili visivyo na pa kwenda, kwa sababu 30 haigawanyiki kwa nne. Atafumua, atahesabu upya, atafumua tena, na kama ni mwanafunzi ataamini kwamba kufuma si kipaji chake. Watu wangapi wameacha sindano kwa sababu ya tarakimu moja ya mtu mwingine? Mjaribu mzoefu akifika hapo anasimama, anaandika pembeni “mzunguko wa 6, vitanzi viwili vinabaki”, na kosa linaishia kwenye daftari lake.

Kofia hiyo hiyo inaonyesha jambo jingine ambalo mwandishi peke yake halioni. Ukipunguza nyongeza, duara linajikunja kama bakuli. Ukizidisha, ukingo unafanya mawimbi. Mawimbi hayo yana elimu yake: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyatumia kwa makusudi kutengeneza kwa krosheti maumbo ya jiometri ambayo wanafunzi walikuwa wakihangaika kuyaona kwenye karatasi. Lakini aliyetaka kofia hataki mawimbi. Anataka kujua lini aache kuongeza, na hapo maelekezo mengi yanasema “baada ya mzunguko wa kumi” kana kwamba mikono yote ni mmoja. Mjaribu mwenye mkono uliolegea atafika mzunguko wa kumi akiwa na duara la ukubwa wa kikapu. Kinachofaa kuandikwa ni kipimo: kichwa cha sentimita 56 kinahitaji kofia ya sentimita 50 hivi ili ishike vizuri, na 50 ukigawa kwa 3.14 unapata karibu 16. Basi ongeza mpaka duara lifikie upana wa sentimita 16, iwe ni mzunguko wa nane au wa kumi na mbili. Sentensi hiyo moja inafaa kuliko ukurasa mzima wa idadi, na mara nyingi huzaliwa pale mtu wa pili anapolalamika.

Ufundi huu ulichelewa kujifunza hilo. Vitabu vya mwanzo vya maelekezo nchini Uingereza, kama kile cha Jane Gaugain kilichotoka Edinburgh mwaka 1840, viliandikiwa wanawake waliodhaniwa kuwa tayari wanajua mengi, na msomaji aliachiwa kukisia mwenyewe ukubwa wa kazi itakapokamilika. Hata sindano hazikuwa na vipimo vya pamoja. Miaka michache baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1843, Frances Lambert wa London alisisitiza kipimio maalumu cha unene wa sindano, ili anaposema namba fulani, msomaji wa mbali ashike kitu kile kile. Namba za zamani za Uingereza zilifuata vipimo vya waya, ndiyo maana zinakwenda kinyumenyume: namba 14 ni sindano nyembamba ya milimita 2, na namba 8 ni ya milimita 4. Wamarekani walishika njia yao, na kwao namba 8 ni milimita 5. Mfumaji wa Njombe au Limuru mwenye kitabu cha zamani cha Uingereza na sindano zilizotoka kwingine anaweza kukosea milimita nzima akidhani ametii. Na hapa kwetu, ambako watoto na akina mama wengi walijifunza kwa spoku za baiskeli zilizonolewa ncha, hesabu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, yaani namba 14 ile ile ya Uingereza. Anayeandika kwa Kiswahili aandike milimita tu. Msomaji akiwa na spoku, atajua yuko wapi.

Krosheti ina mtego wake. Mshono ambao Mmarekani anauita wa mara mbili, Mwingereza anauita wa mara tatu, na ule wa mara mbili wa Mwingereza ndio wa mara moja wa Mmarekani. Vitabu vilivyofika Afrika Mashariki zamani vingi vilikuwa vya Uingereza. Video zinazotazamwa leo nyingi ni za Kimarekani. Kitambaa cha meza kinachofuata majina ya upande mmoja kwa maana ya upande wa pili kinatoka na kimo tofauti kabisa na picha. Dawa yake si ubishi kuhusu nani mwenye haki. Mwandishi aeleze mshono mara moja, mwanzoni: zungusha uzi kwenye sindano mara ngapi, pitisha wapi, vuta mara ngapi. Mjaribu asiyejua majina ya upande wowote ndiye atakayembana mpaka aeleze.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wafumaji hodari wenyewe. Wanasema mfumaji wa kweli hahitaji karatasi. Anaitazama sweta iliyovaliwa na mtu kwenye daladala, anahesabu kwa jicho, anakwenda nyumbani na kuifuma. Ni kweli, na ujuzi huo ni mkubwa. Nyumba nyingi za nyanda za juu zimevaa sweta zilizotokana nao, na vitambaa vya makochi vimezunguka mtaa mzima kwa njia hiyo. Ila tuangalie kinachotokea kitambaa kinapohama kutoka nyumba moja kwenda ya pili. Jirani anakiazima, anakigeuza upande wa ndani, anahesabu, anakosea, anarudi kuuliza, anaonyeshwa kwa vidole. Huko ndiko kujaribu. Maelekezo ya mdomo yanajaribiwa kila yanapotolewa, kwa sababu mwenye kuuliza yuko pale pale. Karatasi haiulizwi. Anayehamisha ujuzi kutoka mdomoni kwenda kwenye maandishi anampoteza jirani wa kumuuliza, na mjaribu ndiye anayechukua nafasi ya jirani huyo kabla maandishi hayajaondoka.

Wapo pia wanaosema kanuni ya jumla inatosha: mpe mfumaji fomula, ahesabu mwenyewe. Mtetezi mkubwa wa njia hiyo alikuwa Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971, “Knitting Without Tears”, kiliwafungua wengi waliokuwa watumwa wa karatasi. Alikuwa na sababu. Jarida lilichukua sweta yake ya kufumwa kwa mzunguko, wahariri wakaigeuza iwe ya kufumwa kwa kwenda na kurudi, na mwaka 1958 akaanza kutoa chapisho lake mwenyewe. Mpango wake unapima kila sehemu ya sweta kwa asilimia ya vitanzi vya mwili: mwisho wa mkono ni kama asilimia 20, sehemu ya juu ya mkono asilimia 33 hivi, shingo asilimia 40. Kwa sweta yetu ya vitanzi 200, shingo inapata 80, mkono 40 na 66. Kwa mtu mzima inafanya kazi vizuri sana. Shingo ya sentimita 40 inavutika na kupita kichwa cha sentimita 57 bila taabu. Sasa ipeleke fomula hiyo hiyo kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kichwa chake na kifua chake vinakaribiana, kila kimoja sentimita 46 hivi. Mpe nafasi kidogo, sweta iwe ya sentimita 50. Asilimia 40 ni shingo ya sentimita 20. Kichwa cha 46 kupita tundu la 20 kunahitaji shingo ivutike zaidi ya mara mbili, na mtoto atalia kabla haijafika masikioni. Ndiyo maana sweta nyingi za watoto hufunguliwa mbele au huwekwa vifungo begani. Kalamu na kikokotoo havitamwonyesha mwandishi hayo. Atayaona mtu mwenye mtoto wa kumvisha, na kwa sababu hiyo maelekezo ya saizi tano yanahitaji kujaribiwa katika saizi zaidi ya ile moja aliyoifuma mwenye nayo.

Mambo haya yanahusu pia vidokezo vya ufundi, ambavyo husambaa haraka kuliko maelekezo na huhakikiwa kidogo zaidi. Kipo kidokezo maarufu cha kuunga uzi bila fundo: lowanisha ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine, zisugue viganjani mpaka zishikane. Kwa sufu ya kondoo ni kweli kabisa, kwa kuwa unywele wa sufu una magamba yanayong'ang'aniana ukipata unyevu, joto na msuguano. Lakini uzi unaouzwa kwa wingi madukani kwetu ni akriliki, ambayo ni plastiki, na plastiki haina magamba. Utasugua mpaka viganja viwake, na siku ya kwanza ya kufua kiungo kitaachia. Hata sufu iliyowekewa dawa ili ifuliwe kwa mashine haishikani vizuri. Kingine ni kile cha kulowesha sweta iliyokamilika, kuinyoosha kwa pini na kuiacha ikauke ili ichukue umbo. Sufu inatii. Akriliki inarudi ilikotoka, na ukitaka kuilazimisha kwa pasi ya moto inalegea moja kwa moja au inayeyuka kabisa. Pamba, inayopendwa pwani kwa sababu ya joto, ina tabia nyingine: ni nzito na inashuka kwa uzito wake, kwa hiyo blauzi ya krosheti ipimwe baada ya kuning'inizwa usiku kucha. Vidokezo hivyo si uongo. Vimejaribiwa mahali pengine kwa uzi mwingine, na anayevisambaza kwa Kiswahili ana wajibu wa kuvijaribu kwa uzi ambao msomaji wake ataukuta dukani. Kidokezo kimoja kilichostahimili majaribio ya kila aina ya uzi ni hiki: vitanzi vyako vikizidi idadi kwenye kipande cha majaribio, usijilazimishe kulegeza mkono. Badilisha sindano, chukua nene zaidi. Mkono uliolazimishwa hurudia tabia yake saa unapochoka, na alama ya mabadiliko hayo itaonekana katikati ya mgongo wa sweta.

Zipo kazi ambazo kwazo kosa linagharimu zaidi ya uzi. Mwaka 2013 nchini Denmark ulianza mpango wa kuwafumia pweza wa krosheti watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wawe na kitu cha kushika badala ya mirija inayowahudumia. Si hospitali zote zinazowakubali, lakini masharti ya mpango yenyewe yanafundisha: uzi wa pamba tupu, mshono uliobana kiasi cha kutopitisha kijazio, mdoli wa kufuliwa kwa nyuzijoto 60, na mikono yake isizidi sentimita 22 ikivutwa. Neno muhimu hapo ni “ikivutwa”. Mkono wa pweza unaopimwa ukiwa umejikunja unaonekana mfupi na salama. Ukivutwa ndipo urefu wake halisi unaonekana. Kenya nako, katika mji wa Thika, wanawake waliopona saratani ya matiti hufuma matiti bandia ya uzi kwa ajili ya wenzao waliofanyiwa upasuaji. Shirika la Knitted Knockers, lililoanzia Marekani mwaka 2011, linatoa maelekezo ya kazi kama hiyo bure, pamoja na orodha ya nyuzi zinazokubalika. Kitu kinacholala juu ya kovu siku nzima hakiwezi kuwa na fundo ndani wala uzi unaochoma, na anayejua kama kinasumbua ni aliyekivaa. Mjaribu wa maelekezo hayo si lazima ajue kufuma. Anaweza kuwa mvaaji.

Wengine watasema gharama haibebeki, uzi ni ghali, na anayeuza maelekezo kwa bei ya soda hawezi kuwanunulia watu wanne uzi wa sweta. Pingamizi hilo nalikubali nusu. Si kila kitu kinahitaji kufumwa chote. Kitambaa chenye ua linalojirudia kinaweza kujaribiwa kwa maua mawili na kona moja, maana kona ndiyo inayoharibika. Sweta inaweza kujaribiwa kwa shingo na kwapa, sehemu zenye hesabu ngumu, na uzi ukafumuliwa na kutumika tena. Gharama isiyobebeka ni ile ya wasomaji arobaini kila mmoja kuharibu uzi wake kwa kosa lile lile. Nayo ipo, ila imegawanywa kwa watu ambao mwandishi hawaoni. Hofu ya kuibiwa mchoro naielewa zaidi, kwa sababu wizi upo. Lakini mwizi hahitaji kuwa mjaribu. Atanunua nakala moja siku ya kwanza. Mjaribu anayetajwa kwa jina kwenye maelekezo ana sababu ya kuyalinda.

Na kompyuta? Programu ya kukagua hesabu ni msaada mzuri. Ile 30 isiyogawanyika kwa nne ingeionyesha papo hapo. Programu za akili mnemba ni jambo jingine. Mwaka 2023 watu walizitaka ziwaandikie maelekezo ya wanyama wa krosheti, wakayafuma kama yalivyo, wakapata viumbe vyenye vichwa na mapezi yasiyo mahali pake. Sentensi zilisomeka kama za fundi. Umbo halikuwepo, kwa kuwa hapakuwa na mkono wowote nyuma ya maneno.

Basi turudi kwenye suala la malipo, ambalo hukwepwa. Mara nyingi mjaribu hupewa nakala ya bure, anatumia uzi wake na jioni zake, kisha anashukuriwa. Aliyeizoea hali hiyo huiita kusaidiana. Mimi naiona kama kazi ya wanawake inayohesabiwa kuwa si kazi, jambo ambalo ufumaji umelifahamu tangu zamani. Upo mfano wa heshima hapa hapa jirani: Kenana Knitters wa Njoro, Kenya, ambao tangu mwaka 1998 wanafuma wanyama wa sufu, huambatisha kwenye mdoli kibandiko chenye jina la aliyeufuma. Kama aliyefuma mdoli mmoja anastahili jina, aliyehakikisha kwamba midoli mia moja ijayo itatoka sawasawa naye analistahili. Anastahili pia uzi alionunuliwa na ujira uliokubaliwa kabla ya kazi kuanza. Naye kwa upande wake alete taarifa inayofaa kitu: uzi gani na unene gani, sindano ya milimita ngapi, vitanzi vingapi kwenye sentimita 10 kabla na baada ya kufua, gramu ngapi zimetumika, ni wapi alisimama na kusoma mara mbili, na kipimo cha mwisho kikiwa mwilini mwa mtu. “Nzuri sana dada, hongera” si taarifa. Wajaribu wanne wa namna hiyo wangetosha kwa sweta ya saizi tano: anayebana, anayelegeza, anayeanza, na mwenye mtoto mdogo nyumbani. Mwandishi asiyeweza kuwalipa wanne aanze na mmoja, na amchague yule ambaye mkono wake haufanani na wake.